Muulize Fundi: Kitambaa kikae mezani, kompyuta iachwe ipumue

Barua za mwezi huu nimezisomea karakanani kwangu hapa Ngamiani, Tanga, brashi ikiwa mkononi. Karibu zote zinauliza jambo moja: kompyuta ya nyumbani itunzwe vipi ili ikae miaka? Majina ya waandishi nimeyaacha, miji nimeitaja, kwa sababu kompyuta ya Dodoma haiugui ugonjwa wa kompyuta ya Pemba.

Inajizima yenyewe mchana

*Fundi, shikamoo. Tuna kompyuta ya mezani, tuliinunua ikiwa imeshatumika. Watoto wanasomea, mimi naandikia hesabu za duka. Siku hizi inajizima yenyewe. Asubuhi inakaa nusu saa, mchana haifiki dakika kumi, na feni inanguruma kama mashine ya kusaga. Naifuta kila siku na nimeishonea kitambaa kizuri cha kuifunika isiingie vumbi. Fundi wa mtaani kasema madabodi imekufa, ninunue nyingine. Nifanyeje?*
— Mama wa watatu, Dodoma

Marahaba, dada yangu. Usinunue chochote kwanza. Umeandika kwamba asubuhi inadumu na mchana haidumu, na hapo ndipo nilipopata jibu. Madabodi, ule ubao mkuu unaobeba vipande vyote vya kompyuta, ikifa haichagui asubuhi wala mchana. Joto ndilo linalochagua.

Ndani ya lile kasha ambalo wengi tunaliita sipiyu kuna prosesa, kipande kidogo cha ukubwa wa biskuti, na hiyo ndiyo sipiyu yenyewe. Ikifanya kazi inachemka. Juu yake kimefungwa chuma chenye mapezi membamba, na juu ya chuma hicho kuna feni. Chuma kinabeba joto, feni inalipeperusha. Joto lisipopata pa kutokea, prosesa nyingi hujipunguzia kasi zikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi, na likizidi hapo kompyuta hujizima ili isiungue. Kwa hiyo kompyuta yako inajiokoa, na kelele ya feni ndiyo sauti yake ya kuomba hewa.

Sasa kile kitambaa. Nakifahamu, kwa sababu mama yangu alikuwa na cha kufuma, cheupe, juu ya redio, na hakuna mtoto aliyethubutu kukigusa. Tunavifunika vitu tunavyovithamini. Lakini kompyuta huvuta hewa baridi mbele au ubavuni na kuitoa ya moto nyuma. Kitambaa kikikunjwa nusu juu yake huku kimening'inia nyuma, kinaziba pale pale inapopumulia. Ifunike kompyuta ikiwa imezimwa na imeshapoa. Kabla ya kuwasha kiondoe chote, ukikunje, ukiweke mezani.

Baada ya hapo isafishe. Tenga saa moja ya asubuhi, barazani, pasipo upepo mkali. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi ili umeme uliobaki ndani uishe. Kabla ya kuchomoa waya nyingine za nyuma, zipige picha kwa simu. Picha hiyo itakuokoa wakati wa kurudishia.

Fungua skrubu za ubavu mmoja kwa bisibisi ya nyota na uziweke kwenye kisosi. Kabla ya kugusa chochote ndani, shika chuma kitupu cha kasha. Huko kwenu hili lina uzito kuliko hapa pwani: hewa ya Dodoma ni kavu, na wakati wa kiangazi mtu akivua sweta ya nailoni gizani huona cheche. Cheche ndogo kuliko hizo zinatosha kuua ramu, ubao wa kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Vaa pamba.

Utakachokiona pengine kitakushtua. Mwezi uliopita nilifungua mashine iliyotoka huko huko kwenu. Kati ya feni na mapezi ya chuma palikuwa na kitu kama kipande cha blanketi: vumbi jekundu limeshikamana na nywele na nyuzi za zulia hadi likawa zito. Nililibandua kwa koleo ndogo, likatoka zima, lina alama za mapezi kama godoro lenye mistari. Mwenyewe alikuwa ameshaambiwa anunue nyingine. Nilipoiwasha baada ya kuisafisha niliweka kiganja nyuma yake, na hewa ikatoka. Alinyamaza kwanza, kisha akaniambia watoto walikuwa wameacha hata kuuliza itapona lini.

Tumia brashi mpya ya rangi, ya inchi moja au moja na nusu, yenye nywele laini na ambayo haijawahi kuguswa na rangi. Anza juu ushuke chini. Ukifika kwenye feni, ishike kwa kidole isizunguke, usugue panga zake moja moja, kisha mapezi. Ukiwa na bulowa ndogo au kopo la hewa, puliza kwa vipindi vifupi, na feni bado umeishika. Feni ikizungushwa na upepo mkali kuliko kasi yake, beringi zake huharibika. Usipulize kwa mdomo, mate yanaingia. Usitumie mashine ya kufyonza vumbi, mpira wake hujenga umeme ule ule wa cheche. Na nakuomba sana usiipeleke kwa mjaza upepo wa matairi. Tangi lile lina maji na mafuta ndani, nayo yote yatamwagika kwenye madabodi.

Lile boksi la chuma linalopokea waya wa ukutani ni pawa saplai. Lisafishe kwa nje tu, kupitia matundu yake. Usilifungue hata kama umechomoa umeme tangu jana, kwani kuna kapasita ndani, vipande vya kuhifadhi umeme, zinazoweza kubaki na zaidi ya volti 300.

Halafu umwulize fundi wako, kwa heshima, kama pesti ya joto kati ya prosesa na chuma imewahi kubadilishwa. Kwenye mashine iliyoshatumika miaka mingi huwa imekauka ikawa kama chokaa. Abandue ya zamani kwa spiriti, aweke mpya kiasi cha punje ya mbaazi. Kazi hii mwachie yeye, kwa sababu wakati mwingine chuma kinang'oka na prosesa yake na vimiguu vyake vinapinda.

Mwisho ni mahali inapokaa. Iinue kutoka sakafuni, weka matofali mawili na kipande cha ubao juu yake, na uiache shubiri moja kutoka ukutani. Vumbi jingi linatambaa chini, kwenye miguu yetu na kwenye ufagio. Unapofagia, izime. Kwa Dodoma isafishe ndani kila baada ya miezi mitatu wakati wa kiangazi. Masika unaweza kupumzika.

Inalia tu, kioo cheusi

*Asalaam aleikum. Mimi ni mwalimu mstaafu. Kompyuta yangu niliiacha wiki sita nilipokwenda Unguja kwa matibabu. Niliporudi, naiwasha inalia pi pi pi na kioo ni cheusi. Iko chumba cha mbele, dirisha linaelekea baharini. Je, ndiyo mwisho wake?*
— Mwalimu, Pemba

Waaleikum salaam, Mwalimu, na shikamoo. Nakuombea afya.

Si mwisho wake, inshallah. Kompyuta inayolia na kuacha kioo cheusi mara nyingi inalalamikia ramu, ingawa kila mtengenezaji ana hesabu yake ya milio. Ramu ni ubao mrefu mwembamba, una meno ya rangi ya dhahabu, umechomekwa kwenye madabodi. Hewa ya bahari ina unyevu na chumvi, na kwa wiki sita mashine ikiwa baridi meno yale hupata utando usioonekana kwa urahisi. Umeme haupiti vizuri.

Chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia, gusa chuma cha kasha. Sukuma vishikizo viwili vya pembeni mwa ramu, itajiinua yenyewe. Ishike kwa kingo. Sasa chukua kitu ambacho mwalimu hakosi nyumbani: raba ya kufutia penseli. Iwe nyeupe laini. Ile ya rangi mbili usiitumie upande wa buluu, una mchanga na utakwangua dhahabu. Pitisha taratibu juu ya meno, pande zote mbili, kisha pangusa mabaki kwa brashi kavu. Ukipata spiriti ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu, loweka pamba kidogo upitishe mara moja na uache ikauke. Irudishe mpaka vishikizo vyote viwili vilie *ka*. Wengi wanaishia kwenye mlio mmoja, upande wa pili haujaingia, kisha wanasema dawa haikufanya kazi.

Nimewafundisha dawa hii vijana kadhaa hapa karakanani, na kila mara naona mashaka kwenye nyuso zao, raba ya shule itibu kompyuta. Mashine zilizonyanyuka kwa raba hiyo ni nyingi mno.

Kisha ihamishe kutoka dirisha la bahari, iende ukuta wa ndani. Na iwashe kila siku, hata saa moja tu ukisikiliza Kurani au ukisoma magazeti. Joto lake dogo hukausha unyevu. Mashine inayofanya kazi haishikwi na kutu haraka kama inayolala. Ukisafiri tena, mwachie mjukuu kazi ya kuiwasha, na ukimkuta mjusi karibu nayo mfukuze. Mijusi hupenda ule uvuguvugu wa pawa saplai. Nimekuta mmoja amekauka juu ya vipande viwili vya umeme, na mashine nzima ilikuwa imeungua pamoja naye.

Flashi imekula kazi zangu

*Fundi, niliprinti kazi yangu steshenari nje ya chuo. Niliporudi, kila folda kwenye flashi imekuwa njia ya mkato yenye mshale, na nikiibonyeza haifunguki vizuri. Laptopu nayo imeanza kuwa nzito. Rafiki zangu wanasema nifomati vyote viwili. Utafiti wangu wote umo humo.*
— Mwanafunzi, Morogoro

Mdogo wangu, usifomati! Kufomati ni kufuta kila kitu kilichomo. Na usizibonyeze tena hizo njia za mkato, kila unapobonyeza unakiamsha kirusi upya.

Kazi zako kwa kawaida zinakuwa bado zimo. Kirusi cha aina hii hakifuti mafaili, kinayaficha na kuweka alama bandia mahali pake. Angalia ukubwa: alama ile ina kilobaiti moja au mbili, lakini flashi inaonyesha bado imejaa. Kilichojaa ni utafiti wako.

Kwanza ikague laptopu nzima kwa programu ya usalama iliyokuja na Windows, kisha flashi. Baada ya hapo fungua Command Prompt, lile dirisha la Windows la kuandikia amri, na kama flashi yako ni herufi E andika hivi, nafasi zote zikiwa mahali pake:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Bonyeza Enter na usubiri. Folda zako zitajitokeza. Nakili hati zako tu, zile za kuandika na za picha, uzipeleke kwenye laptopu iliyokwisha kusafishwa. Futa njia za mkato na kila kitu usichokijua. Flashi ndiyo utakayoifomati, ukishafungua hati moja moja na kuona zinasomeka.

Neno hilo la kufomati nina sababu ya kuliogopa. Mwaka 2006 nilikuwa mwanagenzi kwenye karakana moja. Mama mmoja alileta kompyuta, akasema ni nzito. Bosi akaniambia piga fomati, nami nikapiga. Jioni alipokuja kuichukua iliwaka haraka, akafurahi, akashika kipanya, akatafuta. Akatafuta tena. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na picha za mama?" Mama yake alikuwa amefariki mwaka ule, na picha zake zilikuwa humo peke yake. Yule mama hakunigombeza. Alikaa kwenye stuli, mkono wake juu ya kasha, mpaka tulipofunga.

Tangu nifungue karakana yangu nina daftari mezani. Sigusi hadidiski ya mtu, pale mafaili yake yanapokaa, kabla sijamwuliza: kuna picha, kuna kazi, kuna nakala mahali pengine? Anajibu na kutia sahihi. Wateja wengine wanaona namchelewesha. Nawe mdogo wangu, leo hii kabla hujalala, weka utafiti wako mahali patatu: kwenye laptopu, kwenye flashi nyingine isiyokwenda steshenari, na kwenye barua pepe yako. Kazi ya kuprinti itume kwa barua pepe au ipeleke kwenye flashi tupu.

Uzito wa laptopu, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, tazama sehemu iliyoandikwa Startup. Hizo ndizo programu zinazoamka pamoja na kompyuta bila kuitwa. Zima zile unazozijua na huzihitaji, acha ya usalama. Usinunue programu za kwenye matangazo zinazodai kuongeza kasi. Sijaona hata moja iliyofanya jambo ambalo Windows yenyewe haiwezi, na nyingine ndizo zinazoleta ugonjwa.

Kila siku inarudi mwaka 2009

*Kompyuta ikizimwa ukutani, kesho yake inasema ni Januari 2009, na kurasa nyingi za intaneti zinakataa kufunguka.*
— Msomaji, Mwanza

Ni betri ya saa. Tazama kwenye madabodi, utaona kidonge cha fedha cha ukubwa wa sarafu, kimeandikwa CR2032, cha volti 3. Kompyuta ikiwa haina umeme, hicho ndicho kinacholinda saa. Chomoa umeme, kitoe kwa ukucha, weka kipya, upande wa kujumlisha uangalie juu, kisha rekebisha tarehe. Kurasa zinakataa kwa sababu kila moja ina cheti cha usalama chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta iliyoko 2009 inaona cheti hakijaanza.

Na maadamu umefungua kasha, na uko Mwanza, watoe na wadudu wa ziwani. Taa ya chumba ikiwaka usiku na dirisha likiwa wazi, wanaingia kwa maelfu na feni inawavuta.

Chai ya maziwa kwenye laptopu

*Mtoto amemwaga kikombe kizima juu ya kibodi. Nimeifukia kwenye mchele tangu jana. Niiwashe?*
— Baba, Arusha

Usiiwashe. Itoe kwenye mchele, mchele hauvuti maji yaliyokwisha kuingia ndani na vumbi lake linaongeza tatizo. Kama betri inachomoka, ichomoe. Ikalishe kifudifudi, kama hema, kioo na kibodi vikitazama chini, juu ya taulo kavu. Usitumie mashine ya kukaushia nywele.

Ingekuwa maji matupu ningekwambia subiri siku mbili tatu ujaribu. Chai ya maziwa ina sukari na mafuta. Ikikauka inabaki kama gundi kati ya vipande vya umeme, na kutu linaanzia hapo. Inabidi ifunguliwe na kuoshwa kwa spiriti ya isopropili. Mpelekee fundi leo, na umwambie ukweli kwamba ilikuwa chai. Wengi wanaficha, wanasema imezima tu, na fundi anapoteza siku akitafuta kosa la umeme. Ukiona mgongo wa laptopu umetuna, betri imevimba. Usiibonyeze, usiichaji, itoe nje ya nyumba.

Naruhusiwa kuifungua?

*Shikamoo fundi. Nina miaka 11. Baba ana kompyuta ya zamani haiwaki, iko stoo. Naruhusiwa kuifungua niisafishe? Kaka anasema mimi ni msichana nitaiharibu.*
— Iringa

Marahaba mwanangu. Mimi ni msichana pia, na hii ni kazi yangu.

Mwombe baba akae nawe, yeye achomoe umeme na kushika tochi, wewe ushike brashi. Piga picha kila kitu kabla ya kukichomoa. Skrubu ziweke kwenye trei ya mayai, kila hatua shimo lake, kwa sababu skrubu zote hazilingani, na ukiikaza kwenye tundu lisilo lake utaharibu nyuzi za tundu hilo. Tafuta ramu, uisugue kwa raba yako kama nilivyomweleza Mwalimu wa Pemba hapo juu. Tafuta CR2032, uibadilishe. Tazama zile kapasita, vile vikopo vidogo vilivyosimama kwenye madabodi: vichwa vyake viwe bapa. Ukiona kimetuna kama mkate au kimetoa kitu cha kahawia, andika kiko wapi na uhesabu viko vingapi.

Pawa saplai usiifungue. Chora ulichokiona ndani, unitumie mchoro, na mwambie kaka akuazime bisibisi ya nyota.